Maji ya Mvua kwenye Rejeta

Yarrakoota, 8 Septemba 1963

Kaka Clem,

Kaa chini kwanza. Nimenunua gari.

Najua utakavyosema, kwa hiyo nakuwahi. Ndiyo, ni kuukuu. Ndiyo, sikukuuliza. Aliyeniuzia ni yule mpishi wa wakata manyoya ya kondoo, mwenye jino la dhahabu, anahamia mjini kwa binti yake. Ni pikapu iliyokuwa ya bluu enzi zake. Ameapa mkono kifuani kwamba haijawahi kumwangusha, ila wakati anaapa alikuwa anaangalia mbuzi. Inakohoa kidogo, halafu inaenda.

Werner amesema ni pesa ya kutupa, akapanda lori lake akaondoka kwenda kutengeneza uzio wa kaskazini. Ndiyo maisha ya kuolewa na Noske: lori likiondoka, nabaki hapa na baba mkwe na mbwa. Mwaka jana uchungu uliponishika lilikuwa limeondoka hivyo hivyo. Daktari wa ndege alizunguka juu yetu kwenye vumbi, tukamsikia kabisa, akashindwa kutua. Unajua tulichozika nyuma ya banda la kuku.

Sasa nakwambia wewe kabla ya watu wengine: nina mimba tena. Ni ya Desemba, kwenye joto lile lile. Clem, sitazika mwingine kwa kukosa gari. Hii pikapu lazima inifikishe hospitali, ikitaka isitake. Wewe ndiye fundi, mimi najua kukamua mbuzi. Niambie nianze na nini.

Baba mkwe angekusalimu kama asingekuwa kwenye tangi. Macho yake yameingia ukungu, hawezi tena kuona kiasi cha maji kwa kuchungulia. Basi kila asubuhi analigonga tangi la mvua kwa kifundo cha kidole, kutoka juu kushuka chini, anasikiliza sauti inapobadilika. Kisha anakuja jikoni kututangazia kama leo chai ni kikombe kimoja au viwili. Maji ya kisima tunayo ya kumwaga, ya kufulia, ya mbuzi, ya kila kitu. Ya mvua ni ya kinywa tu, na ukisahau utakumbushwa.

Mdogo wako,
Edna


Quorn, 16 Septemba 1963

Edna wee,

Barua yako imenikuta chini ya gari la mtu, nikajigonga kichwa kwa furaha. Hongera. Hongera kwa mtoto, namaanisha. Kwa gari nitakupa hongera likifika.

Haya, sikiliza. Ukinunua gari kuukuu, chukulia kwamba kila cha majimaji kilichomo ndani ni uongo wa mwenye jino la dhahabu. Mwaga vyote uanze upya. Oili ya injini uipashe moto kwanza, endesha mpaka getini urudi, ndipo ufungue nati ya chini, itoke pamoja na uchafu wake. Maji ya breki yakiwa meusi kama kahawa, ujue yameshanyonya unyevu. Yatachemka ukiwa unateremka, na kanyagio litazama mpaka sakafuni. Mtu akanyage, wewe ufungue kinati cha breki kwenye gurudumu moja moja mpaka yatoke masafi. Giaboksi na difu, ingiza kidole kwenye tundu la kujazia. Kidole kikitoka kikavu, ongeza. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji, mwaga.

Sasa rejeta, na hapa unisikilize kuliko kwingine kote. Chini yake kuna koki ndogo, unaifungua kwa vidole tu. Suuza kwa maji ya kisima upendavyo, lakini ukimaliza, jaza ya mvua. Angalia ndani ya birika lako la maji ya kuogea. Lile gamba jeupe ndilo litakaloziba mishipa ya rejeta, na gari litachemka siku ile ile unayolihitaji. Kwa hiyo ni ndoo nzima ya mvua, dada yangu, bila kuiba hata kijiko. Mzee Noske atanguruma. Mwache angurume.

Kaka yako,
Clem


Yarrakoota, 6 Oktoba 1963

Kaka Clem,

Nimefanya yote. Nina oili mpaka kwenye nyusi. Maji ya breki yalikuwa meusi kuliko kahawa ya Bi Dolling wa shamba la jirani, na hakuna nilichokunywa kibaya kuliko kahawa ya Bi Dolling. Baba mkwe ndiye aliyenikanyagia. "Kanyaga, baba." "Nimekanyaga." "Achia." "Nimeachia. Unakamua mbuzi au unatengeneza gari?" Tulicheka sana siku ile. Lakini hiyo ilikuwa asubuhi tu.

Mchana nikateka ndoo ya mvua. Alisikia bomba. Akatoka, akanifuata hatua kwa hatua mpaka kwenye pikapu, akasikiliza nikimimina. Hakupiga kelele, Clem. Afadhali angepiga. Alisema, "Unakinywesha chuma." Nikamwambia ni kwa ajili ya mtoto. Akasema, "Mtoto atakunywa nini?" Akageuka akaondoka. Hajaongea na mimi tangu siku ile, isipokuwa kutangaza vikombe. Nafsi yangu inaniuma, kwa sababu mwaka jana ni yeye aliyechimba lile kaburi, Werner akiwa hayupo.

Kuna jambo lingine silielewi. Jana nilifungua kifuniko cha rejeta. Imejaa sawasawa, haijapungua hata kidogo. Lakini mdomoni pameshaota gamba jeupe, lile lile la birika. Nilijaza mvua tupu, haki ya Mungu. Na nikienda getini na kurudi, sindano ya joto inapanda kuliko mwanzo. Ni nini hiki?

Nimemsihi baba mkwe amwulize daktari kuhusu macho yake kwenye redio, zile saa za asubuhi anapoita mashamba. Amekataa katakata. Unajua redio yetu ilivyo, shamba moja likisema, yote yanasikia. Bi Dolling alimweleza daktari habari za bawasiri yake mwaka juzi na mpaka leo watu wanamsalimu kwa kumwuliza kama anakaa vizuri. "Afadhali nipofuke kimya kimya," baba mkwe anasema.

Edna


Quorn, 14 Oktoba 1963

Mdogo wangu,

Hilo gamba ni la zamani. Yule mpishi alikuwa anajaza kisima miaka yote, sasa linabanduka ndani na kupanda juu. Suuza tena, jaza mvua tena. Pole kwa ngurumo.

Dereva wa lori la posta nimempa kopo lako. Ni kulanti, dawa ya kupozea injini, ndiyo imeanza kuletwa huku, ya kijani kama majani mabichi. Changanya nusu yake na nusu mvua. Gamba halitaota na injini haitachemka hata ukiwashia moto chini yake. Imenigharimu, lakini ni zawadi ya mjomba, usiniulize.

Onyo moja, na ulisome mara mbili. Ni tamu. Mbwa akionja hatoki hapo, na baadaye figo zinakufa, naye anakufa. Mtu vilevile. Kopo liweke juu sana na iliyobaki usiimwage mahali pa wazi.

Tumbo likoje? Kula nyama.

Clem


Yarrakoota, 10 Novemba 1963

Kaka Clem,

Tumbo ni kubwa, linapiga mateke, linakusalimu. Kopo liko juu ya boriti ya banda, hata mimi nalifikia kwa ngazi. Nimekusikia.

Kwa siku mbili pikapu ilikuwa kama mpya. Nilikwenda mpaka kwa Bi Dolling na kurudi, sindano imetulia. Nikasema Clem ni mchawi. Wiki iliyofuata sindano ikapanda tena. Nikafungua kifuniko. Clem, ile kijani haipo. Maji ni meupe, yamejaa pomoni, na gamba limeanza kuota. Nimeangalia chini ya gari, mchanga mkavu. Rangi inaweza kwenda wapi? Inaungua? Nimelala na swali hilo siku kadhaa sasa. Nina gari nililolinunua kwa ajili ya safari moja tu, na silielewi.

Habari nyingine mbaya, mbwa wetu Digger amekufa. Alianza kwa kuyumba kama mlevi, akagonga mlango, tukamcheka. Kesho yake akalala bila kukojoa, anahema kwa nguvu. Baba mkwe anasema ni nyoka. Nilikimbilia bandani kwanza kabisa, nikapanda ngazi. Kopo liko pale pale, kifuniko kimekazwa. Basi ni nyoka.

Lililo jema ni kwamba baba mkwe amerudi kuwa mtu. Anaongea, anapiga mluzi, juzi amenitangazia vikombe vitatu. Wala hanisemi tena juu ya maji ya gari. Ana siri yake chini ya gunia lililoloweshwa, pale penye baridi tunapoweka siagi, ananifukuza nikisogea. "Ya mtoto hiyo, usichungulie." Nadhani anachonga farasi wa mti, ingawa kwa macho yale sijui atakuwa na miguu mingapi. Leo ameandika barua kwako, yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa kama za bango. Ameniomba niandike anwani tu, amekataa nisome. Mcheke taratibu.

Nitaondoka tarehe mosi Desemba, kabla uchungu haujaanza, ili nikasubirie mjini. Bi Dolling atanisindikiza. Nijibu upesi kuhusu ile rangi.

Edna


Yarrakoota, 10 Novemba 1963

Kijana Pascoe,

Sioni ninachoandika, kwa hiyo usihesabu makosa.

Wewe ni fundi na sina ugomvi na ufundi wako. Lakini unakaa mjini, maji yako yanatoka ukutani. Ulimwambia mke wa mwanangu akipe chuma maji ya mvua, ndoo nzima, katika mwaka ambao ninalipiga tangi na linanijibu kuanzia magotini. Nimelea watoto watano kwenye ukame. Siku niliyosikia maji yale yakimiminika ndani ya gari sikulala.

Basi nikuambie, nawe usimwambie, kwa sababu nataka iwe furaha yake. Maji hayakupotea. Nimeyachukua tena. Koki iko chini ya rejeta, hata kipofu anaipata. Yeye akienda kukamua mbuzi, mimi natega karai, nafungua, halafu najaza ya kisima mahali pake mpaka mdomoni. Chuma hakijui tofauti. Mara ya kwanza yalitoka na ladha ya kutu, nikamwagia mche wa mlimau. Kumbe alijaza tena, na haya ya pili ni mazuri ajabu. Nimeyachuja kwa kitambaa. Nimeonja tone kwa ncha ya ulimi, ni matamu kuliko mvua yoyote niliyokunywa tangu ujana wangu. Lazima ni ile mvua ndogo ya Agosti. Digger naye nilimwekea yaliyobaki kwenye karai, akalamba mpaka bati likalia. Maskini, ndiyo ilikuwa raha yake ya mwisho kabla ya nyoka.

Nina debe zima, liko baridini. Kwetu sisi kina Noske, mama akijifungua, babu ndiye anayemchemshia chai ya kwanza, kwa maji ya mvua yaliyowekwa kwa ajili hiyo tu. Mama yangu alifanyiwa, mke wangu alifanyiwa. Mwaka jana nilikuwa nimeyaweka pia. Nilikwenda kuyamwaga kule nyuma ya banda la kuku.

Safari hii hayatamwagwa.

Bernhard Noske


SIMU YA MAANDISHI
QUORN, 15 NOVEMBA 1963

NOSKE YARRAKOOTA. ISOMWE REDIONI HARAKA SANA. MZEE AMETOA KULANTI KWENYE REJETA AKIDHANI MAJI YA MVUA. IKO KWENYE DEBE LA CHAI YA MTOTO. SUMU. DIGGER ALIKUFA KWA HIYO. MTU ASINYWE. ALIYEONJA AITIWE DAKTARI SASA HIVI. EDNA USIENDESHE GARI LITACHEMKA. NAKUJA. CLEM


Yarrakoota, 29 Desemba 1963

Kaka Clem,

Ulipofika na kuondoka sikuweza kusema na wewe. Nilikuwa naona midomo yako inacheza tu. Werner alikuambia alichokijua, lakini naye hakuwepo. Nataka uyasikie kwangu.

Uchungu ulinianza tarehe kumi na tano Novemba jioni, mapema mno. Simu yako ilikuwa bado njiani. Niliita redioni, huku vumbi, ndege haiwezi. Bi Dolling akaja kwa farasi. Akasema twende na pikapu. Tulifika mahali pale mchanga unapoanza, Clem, na ikachemka. Mvuke ulitoka pande zote. Nilikaa mle ndani nikawaza, ni yale yale tena, nimenunua gari ili nije nifie hapa badala ya nyumbani. Bi Dolling akalisubiri lipoe, akalimwagia maji ya kunywa aliyokuwa nayo, tukarudi kwa mwendo wa kobe.

Mtoto alizaliwa alfajiri, kitandani kwangu. Ni msichana, na analia kama mbuzi. Baba mkwe alikuwa ameketi nje ya mlango usiku kucha. Bi Dolling alipomwekea mtoto mikononi alimnusa kila mahali kwa vile hamwoni, akaanza kulia kwa sauti. Kisha akasema, "Sasa chai."

Niliisikia harufu yake ikichemka. Aliniletea kikombe kile cha mama yake, chenye mkono uliogandishwa kwa gundi. Nilikuwa namnyonyesha, nikamwambia, "Weka hapo, baba, ipoe." Akaweka dirishani. Akasema, "Mimi nitakunywa changu kwa afya yake," akaenda jikoni.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Nakwambia nilikuwa nimeshakigusa. Ndipo redio ikaita jina letu, na yule msichana wa posta akaanza kusoma. Alisoma yote, rejeta, kulanti, debe, Digger, na mashamba yote yanasikiliza. Bi Dolling alikuja mbio, akanipokonya kikombe, akakitupa dirishani.

Daktari akaingia redioni papo hapo. Nilimsikia kutoka kitandani. Akauliza, "Kuna aliyekunywa? Mama amekunywa?" Bi Dolling akasema hapana, hajagusa. "Mzee je?" Bi Dolling akamwita baba mkwe kutoka jikoni. Daktari akasema tena, polepole, kama mtu anayemwongelesha mtoto, kwamba aliyekunywa apewe ramu au brandi sasa hivi, kikombe baada ya kikombe, hiyo itaizuia sumu mpaka afike, na yeye ataruka hata kwenye vumbi. Ramu ilikuwepo, Clem. Werner anaiweka nyuma ya unga.

Baba mkwe alikuja akasimama kwenye redio. Nilimwona mgongo wake tu. Akasema, "Noske hapa. Hakuna aliyekunywa."

Basi daktari akashukuru Mungu, akaenda kwa mtu mwingine aliyekuwa amevunjika mguu, akasema kwetu atakuja vumbi likitulia.

Mchana ule alikuwa mchangamfu. Alikuwa anayumba, anacheka peke yake, anaimba nyimbo za kanisani za Kijerumani kwa sauti ya ujana. Bi Dolling akaniambia, "Mwache, ameifungua ile ramu. Angefanya nini mtu aliyeponea chupuchupu kumwua mama wa mjukuu wake?" Na mimi nikacheka. Nilishaona mbwa akiyumba vile vile, Clem, nilikuandikia kwa mkono wangu, na bado nikacheka.

Kesho yake hakuamka. Nilijikokota mpaka chumbani kwake. Alikuwa anahema kwa nguvu, uso wa majivu. Nikamwuliza, baba, ulikunywa? Akasema, "Kikombe kizima. Kilikuwa kitamu." Nikapiga kelele, kwa nini hukusema, kwa nini? Akanishika mkono. Akasema, "Dunia nzima ilikuwa inasikiliza, mwanangu. Nitasemaje mbele yao kwamba mimi ndiye niliyekuchemshia?"

Nilimnywesha ramu yote, ikamtoka. Ndege ilifika saa sita. Alikufa kabla hawajamwinua.

Usijilaumu kwa kulanti. Uliniambia kila kitu cha kuniambia. Mimi nililinda kopo, nikasahau kwamba nilikuwa nimeshaimimina mahali penye koki. Na yeye hakuwahi kuharibu hata tone moja katika maisha yake.

Tumemwita Berna. Ana afya. Bi Dolling alimwuliza daktari redioni kama mzee angeongea mapema ingesaidia, daktari akasema ndiyo, na kila shamba limesikia. Sasa watu wananitumia keki.

Mvua imenyesha tarehe ishirini na sita, Clem, usiku mzima. Tangi limejaa mpaka linamwagika juu. Jana nilifanya kama ulivyonifundisha. Nilifungua koki, nikaimwaga rejeta shimoni, nikaisuuza mara nyingi, nikafukia shimo. Nikateka ndoo ya mvua. Nilifungua bomba mpaka mwisho ili lipige kelele. Nikaibeba mpaka kwenye pikapu, nikainua, na kabla sijamimina nikasimama kidogo nikimsubiri anifokee.

Edna